Akili Hushika Moja: Mazungumzo ya Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima

Mazungumzo haya yalisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya kusoma na kuandika. Yamechapwa hapa ili kila mwanafunzi ayasome tena kwa nafasi yake, na darasa liyazungumze. Kabla ya kuanza, mwalimu aandike ubaoni maneno haya 6: makini, orodha, usukani, upasuaji, dozi, stakabadhi.

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana kalamu na daftari lake. Leo sitawaletea herufi mpya wala hesabu mpya. Nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho kila mmoja wetu anacho, tajiri na maskini, mkulima na karani, naye hukitumia tangu alfajiri mpaka usiku. Chombo hicho ni akili. Tena sisemi habari ya kuwa na akili nyingi au chache. Nasema habari ya kuielekeza akili mahali pamoja na kuiweka hapo mpaka kazi iishe. Mtu akifanya hivyo twasema yuko makini.

Tuanze na jaribio dogo. Wote kwa pamoja, hesabuni kwa kurudi nyuma, kutoka 7 mpaka 1. Haya: saba, sita, tano, nne, tatu, mbili, moja. Vema. Sasa tajeni siku za juma, kuanzia Jumamosi mpaka Ijumaa. Vema sana. Hayo ni mambo ambayo hata mtoto mdogo ayaweza.

Basi sasa yachanganyeni. Semeni namba moja, kisha siku moja, kisha namba, kisha siku. Saba, Jumamosi. Sita, Jumapili. Tano, Jumatatu. Endeleeni wenyewe mpaka mwisho, tena kwa haraka.

Nadhani sasa mnacheka. Wengine wamekwama kwenye Jumatano, maana ulimi unataka kusema “tano” na hesabu inataka “tatu”. Kila jambo peke yake lilikuwa jepesi. Kwa nini yamekuwa mazito yalipochanganywa? Ni kwa sababu akili haikuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Ilikuwa ikiruka kutoka namba kwenda siku, na kutoka siku kurudi kwenye namba. Kila ikiruka, hupoteza muda kidogo, na katika muda ule kosa hupata mlango wa kuingia. Wazee wetu waliliona jambo hili zamani waliposema: mshika mbili, moja humponyoka.

Hilo ni la kwanza la kukumbuka: akili hushika moja.

La pili ni hili. Jicho laweza kuwa wazi na lisione. Huenda mtu akabisha, aseme, “Kitu kikipita mbele yangu nitakiona tu.” Sikilizeni. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walieleza jaribio lao. Waliwaonyesha watu sinema fupi ya vijana wakirushiana mpira. Baadhi ya vijana walivaa fulana nyeupe, na wengine nyeusi. Watazamaji waliambiwa wahesabu mara ambazo kundi moja linarushiana mpira. Katikati ya sinema, mtu aliyevaa vazi la sokwe mkubwa alipita polepole kati ya wale wachezaji. Sinema ilipokwisha watazamaji waliulizwa kama wameona kitu cha ajabu. Karibu nusu yao hawakumwona sokwe kabisa. Hawakuwa vipofu, wala hawakuwa wajinga. Akili yao ilikuwa imeshika hesabu ya mpira, na sokwe akapita.

Sasa tutoke huko Marekani twende mahali mnapopajua ninyi, kituo cha kununulia pamba. Umeleta gunia lako, limewekwa kwenye mizani. Wakati huo huo jirani anakuita: “Ndugu, habari za siku nyingi!” Unageuka, mnashikana mikono, unamwuliza hali ya watoto. Salamu ni jambo jema, wala sikatazi kusalimiana. Lakini unapogeuka tena, gunia limekwisha shushwa, na karani anakupa stakabadhi. Imeandikwa kilo 46. Mizani ilisema ngapi? Kama ilisema 64, umepoteza kilo 18, na huna neno la kusema, maana hukuona. Huenda karani hakukusudia kukudhulumu. Naye alikuwa akiongea na mtu, mkono wake ukageuza tarakimu. Kumbukeni tulivyosoma: 4 na 6 ni zile zile, mahali zilipokaa ndipo penye thamani. Kosa la akili mbili zilizotawanyika kwa dakika moja limekula jasho la siku nyingi.

La tatu: akili ina kikapu kidogo. Mtume mtoto dukani, umwambie alete sukari, chumvi, sabuni, kiberiti, majani ya chai na kitunguu. Atatoka akiimba njiani: sukari, chumvi, sabuni, kiberiti. Akikutana na wenzake wanacheza mpira, wimbo unakatika. Atarudi na sukari na sabuni, na chenji nyingi. Msimchape bure. Hata mtu mzima, kwa wakati mmoja, hushika akilini vitu vichache tu, kama vinne hivi. Ukitia kingine, cha kwanza hudondoka. Na kelele yoyote, au hofu, au hasira, hukitikisa kikapu.

Basi tufanye nini, ikiwa akili hushika moja, jicho laweza kupitwa, na kikapu ni kidogo? Wengi watajibu, “Mtu ajitahidi zaidi.” Kujitahidi ni kuzuri, lakini hakutoshi. Nitawaeleza habari ya mtu aliyejua kazi yake vizuri sana.

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa ndege wa Wright Field, karibu na mji wa Dayton huko Marekani, ndege mpya ya kampuni ya Boeing iliruka kwa majaribio. Ilikuwa ndege kubwa yenye injini 4. Rubani wake alikuwa Meja Ployer Hill, mtu mwenye ujuzi mwingi. Ndege iliinuka, ikazidi kuinua pua juu, ikapoteza mwendo, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wawili walikufa kwa majeraha ya ajali ile, na Meja Hill mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Uchunguzi ulifanywa. Injini hazikuwa na kasoro. Ndege ikiwa chini, sehemu za mkia zinazoiongoza hufungwa kwa kufuli ili upepo usizitikise. Kabla ya kuruka, kufuli ile hufunguliwa. Siku ile haikufunguliwa. Wenye kazi walisahau. Usukani ulikuwa mikononi mwa rubani hodari, lakini mkia ulikuwa umefungwa.

Je, marubani wenzake walisema nini? Hawakusema, “Tutafute rubani mwenye akili zaidi.” Walijua kwamba ndege ile ina mambo mengi mno kwa kikapu cha akili ya mtu mmoja. Walichukua karatasi. Wakaandika mambo ya kukagua kabla ya kuruka, ndege ikiwa angani, na kabla ya kutua. Karatasi hiyo ndiyo orodha. Tangu wakati huo marubani wamekuwa wakisoma orodha zao, na hata leo rubani wa miaka 30 kazini husoma orodha kama alivyosoma alipokuwa mwanafunzi. Haoni haya. Anajua ya kuwa kusahau hakuchagui mtu.

Yafaa mlitie jambo hili moyoni, ninyi mliojifunza kusoma mkiwa watu wazima. Wako watu wanaodhani kwamba kusoma ni kwa barua na magazeti tu. Sivyo. Maandishi ni kikapu cha pili. Kile ambacho akili haiwezi kukibeba, karatasi hukibeba, nayo karatasi haiitwi na jirani wala haisikii usingizi.

Nawapa mfano wa pili, na huu umegusa nchi yetu ya Tanzania. Katika chumba cha upasuaji kuna watu wengi: daktari anayepasua, mtaalamu wa dawa ya usingizi, wauguzi. Kila mmoja ana lake. Yaweza kutokea kwamba mgonjwa asiulizwe kama kuna dawa inayomdhuru. Yaweza kutokea pamba au sindano ikasahauliwa tumboni. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikisha mara tatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla hajatolewa chumbani. Mambo yenyewe ni mepesi. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Je, pamba, sindano na vyombo vimehesabiwa, na hesabu imetimia?

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi 8. Moja ya hospitali hizo ilikuwa ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, katika Mkoa wa Morogoro. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto na New Delhi. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, walikufa 15. Baada ya orodha, walikufa 8. Mwalimu, simamisha kidogo hapa, uwaambie wanafunzi watoe 8 katika 15. Jibu ni 7. Watu 7 katika kila 1,000: mama wa mtu, baba wa mtu, mtoto wa mtu. Wala haikununuliwa mashine ya fedha nyingi. Watu walinyamaza kidogo, wakasoma kwa sauti, wakajibu kwa sauti.

Lakini sitaki mwondoke mkidhani kwamba karatasi ni hirizi. Katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, orodha kama hiyo iliingizwa katika hospitali nyingi, na mwaka 2014 hesabu za hospitali 101 zikachapishwa. Huko vifo havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Moja waliyoitaja ni hii: kutia alama kwenye karatasi si sawa na kufanya lile lililoandikwa. Mtu aweza kutia alama mahali pote huku akili yake iko kwenye chakula cha mchana. Karatasi haina macho. Inaikumbusha akili mahali pa kwenda, na akili yenyewe lazima iende.

Twawezaje basi kuifanya akili iende? Wafanyakazi wa reli wa Japani wana desturi ambayo mgeni akiiona hucheka. Dereva wa treni akifika penye taa ya ishara, huinyoshea kidole na kusema kwa sauti kile anachokiona, ijapokuwa yuko peke yake. Akitazama saa, huinyoshea kidole na kuitaja. Desturi hii ilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa reli wa huko waliipima, wakaona ya kuwa mtu akinyosha kidole na kusema kwa sauti, makosa hupungua mpaka karibu sehemu moja ya sita. Yaani palipokuwa na makosa 6 hubaki 1. Sababu yake si uchawi. Mkono, jicho, kinywa na sikio vyote vimeitwa kwenye jambo moja, na akili hukosa pa kutorokea.

Ninyi mnajua siri hii tayari. Mlipoanza kusoma, mwalimu aliwaambia mweke kidole chini ya neno na mlisome kwa sauti. Msiione kuwa desturi ya kitoto.

Sasa tuyalete haya nyumbani. Nitataja mambo matatu tu.

Jambo la kwanza ni dawa. Mtoto ana malaria, na zahanati imempa dawa mseto iitwayo ALu. Dawa hiyo huwa na dozi 6 kwa siku 3. Ya kwanza hupewa mara moja, ya pili baada ya muda wa saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Idadi ya vidonge katika kila dozi hutegemea uzito wa mtoto, na mganga ndiye anayeipima. Siku ya pili mtoto anacheka, anakimbia, anaomba uji. Hapo ndipo penye hatari, maana akili ya mzazi huondoka kwenye dawa na kwenda shambani. Dozi mbili au tatu hubaki kwenye karatasi yake, na ugonjwa waweza kurudi. Fanya hivi: chora visanduku 6 kwenye daftari. Chini ya kila kisanduku andika siku na saa. Ukishampa dawa, ndipo utie alama. Usitie alama kabla, wala usiseme, “Nitampa sasa hivi.” Visanduku vyote 6 vikijaa, kazi imekwisha.

Jambo la pili ni mali. Ukiwa mizanini, salimu watu kwanza, kisha simama mbele ya mizani. Nyosha kidole, soma namba kwa sauti ili karani nawe msikie neno moja. Iandike katika daftari lako. Ukipewa stakabadhi, linganisha namba mbili hizo kabla hujaondoka. Hii si dharau kwa karani. Karani mwema atafurahi, maana nawe unamwepusha na kosa. Mnakumbuka methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni njia. Siku hizi simu ya mkononi iko katika kila mfuko, nayo huita wakati wowote ipendavyo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba dereva anayetumia simu akiendesha ana hatari ya kupata ajali kama mara 4 ya yule asiyeitumia. Kumbukeni yule sokwe. Dereva anayeongea na simu aweza kuelekeza macho barabarani, na mtoto avukaye njia asionekane. Ukiwa abiria wa bodaboda, na dereva akaibana simu kati ya sikio na bega, usione haya. Mwambie, “Ndugu, simama kwanza, tutangoja.” Dakika 2 za kungoja hazimwui mtu.

Huenda mama mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mimi akili yangu haitawanywi na simu wala na jirani. Hutawanywa na shida. Nikishika jembe nafikiri karo. Nikipika nafikiri deni.” Ni kweli, mama. Fikara za namna hiyo huingia bila kubisha hodi, na ukizifukuza hurudi. Hapa pia kalamu yaweza kukusaidia kidogo. Jioni, kaa, uiandike shida hiyo kwa maneno machache: deni ni kiasi gani, la nani, siku ya kulipa ni ipi, na hatua ya kwanza ni nini. Kuandika hakulipi deni. Lakini shida iliyoandikwa ina mwanzo na mwisho, na ina saa yake ya kushughulikiwa. Ile iliyo kichwani huzunguka tu, ikichukua nafasi ya kazi iliyo mkononi, na kazi ikiharibika shida huwa mbili.

Tuyakusanye tuliyosema. Akili hushika jambo moja kwa wakati. Jicho huona pale akili ilipo. Kikapu cha kumbukumbu ni kidogo, na mtu hodari husahau kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo mwenye busara huisaidia akili yake kwa kidole, kwa sauti na kwa maandishi. Vitu vitatu hivi havina bei, na hicho cha tatu mmekipata katika darasa hili.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kila mtu achague kazi moja ya nyumbani au ya shamba ambayo husahauliwa mara kwa mara. Aandike orodha yake, isizidi mambo 5, kila jambo kwa maneno machache. Aitundike mahali pa kazi, aisome kwa sauti kwa siku 7, kisha ailete darasani. Kama kuna mstari uliokuwa hauna maana, aufute. Kama kuna jambo lililosahauliwa, aliongeze. Hata orodha za marubani husahihishwa.

Kwa herini, ndugu zangu. Sasa fungeni redio, fungueni madaftari.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ilikuwa vigumu kuchanganya namba na siku za juma?

2. Ndege ya mwaka 1935 ilianguka kwa sababu gani? Je, kosa lilikuwa la ujinga au la kusahau? Toa sababu zako.

3. Katika hospitali 8 orodha ilisaidia sana, na huko Ontario haikuonekana kusaidia hivyo. Mnadhani ni kwa nini?

4. Chora visanduku 6 vya dozi. Dozi ya kwanza imetolewa Jumatatu saa 2 asubuhi. Dozi ya pili itatolewa saa ngapi?

5. Ni kazi gani kijijini au mtaani kwenu ambayo ingefaa watu waifanye kwa kunyosha kidole na kusema kwa sauti?